Zima Ile Inayoimba

Kwanza mnijue. Mimi si mtu wa subira. Mama aliniombea mpaka akachoka, akamwachia Mungu. Nakaa mapokezi kwenye kliniki moja ya macho hapa Thika, na wagonjwa wananiita Mama Kyalo wakiwa mbele yangu, wakishapita wananiita Pilipili. Najua, na sijali. Kwa hivyo mkinisikia namsifu Wangechi wa kompyuta, mjue hizo sifa amezitolea jasho, maana siku ninayowaambia ilibaki kidogo tu nimrushie stepla.

Wangechi ni mama mfupi wa Githurai 45, mwenye kicheko unachokisikia kabla hujamwona. Ndiye anayetunza kompyuta zetu zote, za hapa Thika na za tawi letu la Ruiru. Mkobani mwake utakuta mafuta ya kujipaka, avokado mbili na koleo ya kukatia waya, vyote vinagusana. Alizaliwa Theta, akalelewa na babu yake, mzee Gathogo, mkulima wa kahawa. Anasema huyo babu hakuwahi kuitwa mara mbili. Ukimwita usiku, ukimwita akiwa shambani chini kabisa mtoni, ataitika. Ndiyo maana Wangechi alipoanza kazi kwetu na kukabidhiwa seva ya Ruiru, ile kompyuta inayoweka kumbukumbu za wagonjwa wote, aliipa jina Gathogo. Alisema anataka mashine inayoitika.

Kwetu kila kompyuta ina jina la mtu wa ukoo wake. Hii ya mapokezi ni Wamboi, shangazi yake, kwa sababu ukiiwasha asubuhi inalalamika kwanza. Zote zinaendeshwa na programu iitwayo Linux, na mimi nilichoelewa ni hiki: mgonjwa akija, Wamboi inamwita Gathogo kule Ruiru kupitia mtandao, Gathogo anafungua kabati lake, na mimi hapa Thika nasoma faili kama liko mezani pangu. Sikuhitaji kujua zaidi ya hapo, mpaka siku hiyo.

Mwaka jana Gathogo alizeeka. Akawa wa moto, mzito, anakoroma. Ikanunuliwa mashine mpya. Sasa, kwetu Wakamba, na kwa Wakikuyu vilevile, mtoto hupewa jina la babu yake ili jina lisipotee. Mwanangu wa kwanza ni Kyalo, jina la baba ya mume wangu. Wa pili, bado ananyonya, ni Munyao, jina la baba yangu. Wangechi naye akafanya vivyo hivyo. Mashine mpya ikaitwa Gathogo, ikapewa jina na anwani ile ile ya mtandao ya babu yake, ili hizi zingine zisisumbuke kufundishwa njia upya. Mzee akazimwa, akasukumwa chini ya dawati la Eddie, karani wa Ruiru, kando ya huyo mpya. Tulipiga hata makofi. Nani angeona ubaya?

Sasa nije kwa baba yangu, mzee Munyao wa Gatuanyaga. Jicho lake la kushoto lilikufa zamani, akipasua kuni. La kulia likafunikwa na mtoto wa jicho polepole, mwaka baada ya mwaka, mpaka akawa anawajua mbuzi wake kwa sauti. Mwanangu mdogo, wajina wake, Baba hakuwahi kumwona kwa macho. Kila nikienda nyumbani anampokea mikononi, anampapasa pua, masikio, kidevu, halafu ananiuliza, "Kaluki, huyu wajina wangu amefanana na nani?"

"Na wewe, Baba."

"Unanidanganya kwa sababu sioni."

Na dawa ipo! Upasuaji mdogo tu, anatolewa lile gamba, anawekewa lenzi, kesho yake anaona. Nafanya kazi kwenye kliniki ya macho, na baba yangu mzazi anagongana na milango. Mnajua inavyouma? Lakini ukimwambia anakataa. "Kisu kwa jicho? Wapi!" Tulimbembeleza tukachoka. Timu yetu ilipoenda kupima watu kwenye ukumbi wa kanisa kule Gatuanyaga mwezi uliopita, pasta alimshika mkono akampeleka mwenyewe. Akapimwa, namba ya lenzi yake na picha za jicho zikatumwa Ruiru, kwa Gathogo. Ndipo Baba akatoa sharti lake. "Nitaenda mara moja. Ikikataa, Mungu amekataa, na mtu asinisumbue tena." Na baba yangu akisema, amesema. Yule hata ng'ombe wa mahari alirudisha njiani kwa sababu ya neno moja.

Jumatatu ikafika. Daktari Nzioki, mpasuaji wetu, huja Thika mara chache kwa mwaka, na siku hiyo alikuwa amekuja. Baba alikuwa ameketi karibu na kaunta yangu na gauni la kijani, hajala kitu, mikono juu ya magoti. Wavinya, nesi wa chumba cha upasuaji, akaniambia, "Mama Kyalo, nipatie namba za mzee."

Nikaandika jina. Likatokea: Munyao, Gatuanyaga, jicho la kulia. Nikabonyeza nifungue namba, skrini ikaganda. Halafu ikaniambia hakuna mgonjwa wa jina hilo.

Nikaandika tena. Hakuna. Tena. Hakuna. Tena, akatokea! Nikabonyeza picha za jicho. Faili halipo.

"Hakuna nini wewe!" nikaipigia kelele. "Hakuna mgonjwa wa jina hilo, na ameketi hapa!"

Baba akageuza kichwa. "Kaluki, umesema simo?"

"Ni kompyuta, Baba."

"Basi kama simo, simo. Nipatie suruali yangu."

Nikamwita Wangechi, alikuwa chumba cha nyuma anatengeneza printa, akaja mbio na avokado mkononi. Wavinya akakimbia kumwambia daktari. Kumpima Baba upya haikuwezekana. Mashine ya kupimia tunayo moja, na asubuhi hiyo ilikuwa kwenye gari la timu, wameshapita Kitui.

Daktari Nzioki alitoka mwenyewe. Ni mtu wa sauti ya chini, hata ukimkasirikia unajisikia vibaya. "Lenzi siwezi kuweka kwa kukisia, Mama Kyalo. Nikiweka isiyo yake, nitakuwa nimemtoa kwa ukungu mmoja nikamwingiza kwa mwingine. Nitamweka wa mwisho. Nikimaliza yule wa mbele yake, niwe na namba."

Wangechi alikuwa ameshaketi kwenye kiti changu. Aliuliza kwanza kama Gathogo yuko hai. Akamtumia salamu kupitia mtandao, salamu ikajibiwa palepale. "Anaitika!" akasema, meno yote nje. Kisha akajaribu kuingia ndani yake, na skrini ikajaa onyo.

"Inasema nini?" nikauliza.

"Kila mashine ina alama yake, kama kidole gumba kwa kitambulisho. Wamboi anakijua kidole cha Gathogo. Sasa anasema huyu anayeitika anajiita Gathogo, lakini kidole si chake."

"Ni wezi?"

"Ngai, usiniletee hayo maneno mapema."

Akampigia Eddie wa Ruiru, akaweka simu sauti ya juu. Nyuma kulikuwa na kwaya inaimba, sauti nzuri kabisa, na viti vinavutwa.

"Niaje Wangechi! Huku kila kitu kiko poa. Stima iko, taa za mtandao ni kijani tupu. Lakini wacha nikimbie, ibada inaanza, na simu zinaenda kwa kikapu."

Kila Jumatatu tawi la Ruiru wana ibada, na mkubwa wao aliamuru simu zote ziingie kikapuni zikiwa zimezimwa, kwa sababu kuna siku simu ya mtu ililia katikati ya maombi na haikuwa imelia wimbo wa Mungu. Eddie akakata.

Wangechi akajaribu tena kuingia. Safari hii hakukuwa na onyo. Akaingia vizuri kabisa! Nikapiga kigelegele. Kabla sijakimaliza akatupwa nje, onyo likarudi. Akabadilisha waya wetu wa mtandao. Vilevile. Akapekua ule ulinzi unaozuia wageni wasiingie kwenye mashine zetu. Hakuna kilichoguswa. Akalegeza kilemba, akakaza tena, akasogeza kiti karibu na skrini mpaka pua ikataka kuigusa.

"Aisee," akasema, "hii ni tamu!"

"Tamu kwa nani?" Hapo ndipo stepla ilipoingia mkononi mwangu. "Wangechi, baba yangu akivaa ile suruali, hatakanyaga hapa tena mpaka tumzike. Nitakutamu wewe!"

"Mama Kyalo, weka stepla chini. Ikiwa mbovu kabisa ningeogopa. Hii inakataa, inakubali, inakataa. Kitu kinachobadilisha mawazo hivyo kina sababu. Ngoja."

Nyuma yangu Baba alikuwa amesimama, anapapasa ukuta. "Suruali yangu mliweka wapi?" Wavinya akamshika bega, akaanza kumuuliza habari za mbuzi wake, mmoja mmoja, kwa majina. Mungu ambariki huyo msichana.

Wangechi akafanikiwa kufungua kabati la picha kwa nafasi ndogo, kabla mlango haujamfungia. Akaniuliza, "Picha ya mwisho humu ni ya lini?"

Nikasoma. "Mwaka jana. Kabla ya Krismasi."

"Na Gatuanyaga mlipima lini?"

"Si mwezi uliopita! Ziko wapi za mwaka huu?"

Akageuza kiti, akanitazama. Halafu akaniuliza kitu ambacho nilidhani amerukwa na akili. "Nyumbani kwenu Gatuanyaga, ukisimama uani uite 'Munyao!', nani anaitika?"

"Baba. Mtoto hajui kuongea."

"Na akijua?"

"Wataitika wote wawili, si jina ni moja?"

Alipiga meza mpaka avokado ikaanguka. "Mzee ameamka! Ngai wangu, guka, babu yangu, ameamka! Ule wimbo, Mama Kyalo! Hukusikia ile kwaya? Nyimbo zote za ibada ziko kwa ile mashine ya zamani. Eddie alinilalamikia juzi kwamba hii mpya haina nyimbo. Amechomeka babu chini ya dawati, akachomeka na waya wa mtandao. Na mimi, mimi Wangechi mwenyewe, ndiye niliyewapa jina moja na anwani moja!"

Ndipo nikaelewa yote kwa mara moja. Wamboi ilikuwa ikiita Gathogo, na huko Ruiru wawili wanaitika. Anayewahi ndiye anayefungua kabati. Akiwahi mjukuu, Baba yumo. Akiwahi babu, lile kabati ni la mwaka jana, na mwaka jana Baba alikuwa bado anasema wapi.

"Mzime basi! Si uko naye hapo?"

Akainua mikono juu kama ameshikwa na polisi. "Kutoka hapa sijui naongea na yupi. Nikisema zima, na aliyesikia ni mjukuu, tumejimaliza wenyewe. Lazima mtu achomoe kwa mkono, kule kule."

Tukampigia Eddie. Mteja hapatikani. Tukampigia mkubwa wao. Mteja hapatikani. Mhasibu, mteja. Wote kikapuni! Wavinya akachungulia kutoka ndani. Daktari alikuwa anamalizia yule wa mbele.

"Nani hajaokoka hapo Ruiru?" nikafoka.

Wangechi akapiga kofi. "Wilkister!"

Wilkister ni mama anayeuza chapati na maharagwe nje ya geti la tawi la Ruiru. Ameokoka, tena kutuzidi sisi, lakini siku za ibada hubaki na sufuria zake. Wangechi ana nambari yake kwa sababu ya chakula cha mchana. Ikalia, akashika.

"Wilkister, ni Wangechi wa kompyuta. Nisaidie, dadangu. Ingia ofisini sasa hivi, kuna mashine nataka uchomoe."

"Mimi? Na pasta anaomba?"

"Kuna mzee hapa anataka macho yake!" nikapiga kelele kutoka pembeni.

Sijui alisikia nini katika sauti yangu. Tukasikia kifuniko cha sufuria, kisha ndara zake zinakimbia, kisha mlango. Akaanza kunong'ona. "Niko ndani. Wamesimama, wamefunga macho wote."

"Vizuri, hawatakuona," Wangechi akanong'ona pia, sijui kwa nini, sisi tuko Thika. "Chini ya dawati la Eddie."

"Ziko mbili. Zimefanana. Nichomoe gani?"

"Zima ile inayoimba!"

"Wimbo uko kwa spika, juu ya dirisha. Hizi zote mbili ziko kimya."

Wangechi alifumba macho. Mimi nilikuwa nimeushika mkono wake bila kujua, na kucha zangu zimeingia. "Shika waya wa spika," akasema polepole. "Uufuate kwa kidole. Usiuachilie. Mahali umeingia, ndiyo hiyo."

Tukamsikia anahema, anatambaa. Tukasikia pasta anaombea taifa. Tukasikia ile kwaya chini chini. "Nimefika," akasema Wilkister. "Umeingia kwa hii ya ukutani."

"Chomoa umeme wake."

Kwaya ikakatika katikati ya neno. Ikafuata sauti ya Eddie: "Nani amezima?" Na Wilkister, bila aibu, akamjibu, "Amina!"

Wangechi hakungoja kusikiliza vita. Alifanya Wamboi isahau ile njia iliyokuwa imekariri, akafunga kabati la Ruiru, akalifungua upya. Hakukuwa na onyo. Nikaandika jina. Munyao, Gatuanyaga, jicho la kulia. Namba zikafunguka. Picha zikafunguka. Akanilazimisha niite tena, na tena, na kila mara Baba alikuwemo. Nikachapisha, nikataka kukimbia, akanishika nguo.

"Soma kwanza. Jina. Kijiji. Jicho gani. Nani alipima."

Nilisoma yote. Kila kitu kilikuwa chake. Kisha nikakimbia kwenye ile korido, kiatu kimoja kikabaki njiani, nikampata daktari Nzioki ananawa mikono. Aliangalia karatasi, akaangalia mguu wangu mtupu, akasema, "Mleteni mzee."

Baba alikuwa ameshapata suruali, ameishika mkononi. "Baba, umepatikana!" nikamwambia.

"Nilikuwa nimepotea?"

"Ulikuwa Ruiru."

Akafikiri. "Kwa hivyo Mungu hajakataa."

"Hajakataa, Baba. Alikuwa kwenye ibada."

Akanipa suruali, akamshika Wavinya mkono, akaingia.

Mchana huo Wangechi alishika njia ya Ruiru. Nilidhani anaenda kubadilisha jina la mmoja wao, akaniambia jina la babu halibadilishwi. Yule mpya akabaki Gathogo. Yule mzee akapewa anwani nyingine, kisha waya wake wa mtandao ukatolewa kabisa, ukatiwa mkobani pamoja na mafuta ya kujipaka. "Aimbe tu," alimwambia Eddie. "Lakini akiitwa asiitike. Amestaafu." Na mpaka leo ibada ya Ruiru inaimbiwa na babu, na kikapu cha simu kinaachwa na simu moja inayowaka. Wilkister alinunuliwa leso. Nilimnunulia mimi.

Kesho yake asubuhi tulikuwa chumba cha wagonjwa. Nilikuwa nimempakata mtoto. Wangechi alikuja na avokado zake, akasimama mlangoni, akasema matunda ya kazi yake hawezi kusimuliwa, lazima ajionee. Wavinya akaanza kubandua plasta taratibu. Baba alikuwa ameuma meno. Bandeji ikatoka, akapepesa, machozi yakamtoka, akaangalia dirisha muda mrefu, matawi ya mjakaranda wa nje yanavyocheza.

Nikamwekea mtoto magotini. Akamwangalia. Akampapasa pua kama alivyozoea, halafu akatoa kidole, akaangalia tu. Mtoto akamshika ndevu.

"Kumbe hukunidanganya," akasema, na kucheka kwake kukajaa chumba. "Hii pua ni yangu! Masikio ni yangu! Pole sana, wajina."

Sote tukacheka, Wangechi akatuzidi wote. Nilikuwa na furaha mpaka kifua kinauma. Hilo ndilo nililokuwa nimepigania, limetimia, nikainuka nimchukue mtoto ili Baba apumzike.

Hapo ndipo alipoinua uso, akaniona mimi. Kicheko kikamwisha.

"Kaluki?"

"Ndiyo, Baba."

"Umeanza lini kuwa na mvi?"

Nikapeleka mkono kichwani. Mara ya mwisho baba yangu kuniona vizuri nilikuwa msichana, sijaolewa. Muda wote huo nilidhani uso ambao hajauona ni wa mtoto peke yake, kumbe na wangu. Nikalia mbele ya watu, kwa sauti, na sikutafuta hata kitambaa.

"Mpe Wangechi huyo mtoto," Baba akasema. "Wajina nitamwona kila siku. Wewe sogea hapa nikuangalie."

Nikasogea.